Nani Alilala Hapa Usiku wa Kuamkia Sensa?

Katika maswali yote ya sensa, linalozua ubishi mlangoni ni hili jepesi: nani alilala hapa usiku wa jana? Mwenye nyumba atakutajia watoto wote, hata yule aliyehamia Dar es Salaam tangu mwaka juzi. Ukimwambia huyo anahesabiwa hukohuko, ananuna utadhani umemfuta mwanawe kwenye ukoo.

Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliufanya usiku wa kuamkia Agosti 23 kuwa kipimo. Kwetu kusini, wakati huo wapo wanaolala mashambani na wavuvi walioko dago, kambi zao za muda. Mtu asiposhikwa na usiku mmoja, atahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa. Kaya nayo si nyumba, ni watu wanaokula chungu kimoja. Ndiyo maana chini ya paa moja zinaweza kupatikana kaya tatu.

Tukifika kwenye paa lenyewe, bati au makuti, wengine huanza kunong'ona habari za kodi. Hapana. Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmojammoja, na anayezitoa anashtakiwa. Dini na kabila haviulizwi. Mara ya mwisho ilikuwa 1967. Tunachotaka ni kama swali la maji: Newala na Tandahimba ziko juu ya uwanda wa Makonde, maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na kaya nyingi hukinga mvua. Mhandisi hawezi kukadiria ukubwa wa pampu bila kujua juu kule kuna vinywa vingapi. Kati ya 2012 na 2022 Lindi ilitoka watu 864,652 hadi 1,194,028, Mtwara 1,270,854 hadi 1,634,947.

Lakini swali ninalolipenda ni la umri. Madarasa, chanjo na vitanda vya wazazi vyote hukadiriwa kwa umri, nasi watu wazima tunapenda namba zinazoishia na sifuri au tano. Kwenye grafu zinasimama kama minazi katikati ya mihogo.

Kijiji kimoja cha Nachingwea, bibi aliulizwa umri, mjukuu akadakia: "Andika themanini." Karani hakugusa kishikwambi.

"Shikamoo bibi. Uhuru ulikukuta wapi?"

"Marahaba. Ulinikuta nimetoka unyagoni msimu uleule."

"Na kifungua mimba?"

"Mwaka wa Muungano. Nakumbuka, redio ya jirani ilikuwa inasema huku mimi naumwa uchungu."

Karani akauliza waliochezwa unyago naye walikuwa wakubwa kiasi gani, akahesabu kwa vidole, akaingiza 76.

Mjukuu akacheka. "Haya, na mimi niandike arobaini."

Karani akamtazama. "Wewe Vita vya Kagera vilikukuta wapi?"