"Huyo Hasikii": Dhana Potofu Zilizonichosha ICU

Kila kundi jipya la wauguzi ninalolipokea ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, lina wa kuniambia, "Mwalimu, huyu yuko kwenye dawa za usingizi, hasikii kitu."

Anasikia. Si muda wote, lakini usingizi wa dawa hupanda na kushuka, na kuna saa anakusikia vizuri ila hawezi kufumbua macho. Midazolam, dawa ya usingizi unayoitegemea imsahaulishe, ndiyo hiyohiyo inayochangia kuweweseka, na anayeweweseka hubaki na kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea. Mama mmoja alirudi kliniki akanisimulia alivyowasikia manesi wakipanga nyama ya harusi: nani achinje, saa ngapi. Aliamini anayechinjwa ni yeye. Kila tulipomnyonya makohozi alijua zamu yake imefika. Kwenye faili tuliandika "mgonjwa anahangaika", tukamfunga mikono kwa bandeji.

Takriban mmoja kati ya watano wanaotoka ICU huwa na dalili za msongo wa baada ya kiwewe, yaani hofu na kumbukumbu mbaya zinazomwandama mtu aliyepitia jambo la kutisha. Basi sema naye, kabla ya kumgusa: "Mama, uko hospitali, leo Jumanne. Nanyonya makohozi kwenye mrija wa kupumulia, utakohoa, sekunde kumi nimemaliza." Usiniambie huna muda, yote hayo unayasema ukivaa glavu.

"Tunamfunga asichomoe mrija." Waliofungwa nao huchomoa. Angalia kwanza maumivu, na ile katheta (mrija wa mkojo) iliyojikunja.

"Kiwewe ni cha wagonjwa wa ajali." Na aliyezinduka kutoka kifafa cha mimba, mrija kooni, hajui mtoto yuko wapi?

"Lazima umchimbe yaliyompata zamani." Hapana, tena usithubutu. Mwongozo wa 2014 wa kuwahudumia watu waliopata kiwewe, wa SAMHSA, shirika la serikali ya Marekani la afya ya akili na uraibu, una kanuni sita, na ya kwanza ni usalama. Mhudumie kila mgonjwa kama mtu ambaye huenda amewahi kuumizwa, basi.

Langu mimi ni daftari la kitandani, ambamo manesi na ndugu huandika kila siku kilichotokea, kwa maneno ya kawaida. Lilianzia nchi za Skandinavia. Najua utafiti mkubwa wa Ufaransa wa 2019 haukuona likipunguza msongo huo, bado nalitetea. Yule mama angekuwa nalo, angesoma: "Jumamosi. Umelala. Manesi wanapanga harusi ya mwenzao."