Fiksi: Kinachofungwa ni Riba, Pesa Ina Mlango

"Pesa yangu iko fiksi, imefungwa hadi Machi, siwezi kuigusa." Kila riba zinapopanda kauli hii husikika zaidi, na anayeisema huwa na sura ya mtu aliyemkopesha shemeji. Ina kosa moja dogo, lakini kosa hilo ndilo linalowafanya watu wachague vibaya kati ya akaunti ya akiba na akaunti ya muda maalumu.

Maana zenyewe ni fupi. Akaunti ya akiba: pesa unaitoa unapotaka, na benki nayo inabadilisha riba inapotaka. Akaunti ya muda maalumu, ile tunayoiita fiksi: mnakubaliana kiasi, idadi ya siku na riba, na siku ya kuiva unalipwa vyote kwa pamoja. Walioko Marekani wanaifahamu kama sidii, yaani hati ya amana. Basi.

Tatizo liko kwenye neno kufunga, ambalo kwetu lina kazi nyingi kupita kiasi. Tunafunga mlango, tunafunga mbuzi, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao, na mahakama inamfunga mwizi. Lakini pia tunafunga ndoa na tunafunga mkataba. Fiksi iko upande wa ndoa, haiko upande wa jela. Pande mbili zimejifunga kwa riba moja: benki haiwezi kuishusha kabla ya siku ya kuiva hata soko likiporomoka, nawe huwezi kudai zaidi hata jirani akipewa maradufu. Lugha ya kaunta yenyewe inalijua hilo, maana inasema "kuvunja fiksi". Unaandika barua au unajaza fomu, unalipia gharama ya kuvunja, unapewa pesa yako. Jela haivunjwi kwa kujaza fomu.

Dukani neno hili halitusumbui hata kidogo. Muuzaji akisema bei ni fiksi, tunaelewa kwamba haipunguzwi. Hakuna anayedhani shati limefungiwa kabatini. Tukifika benki akili inageuka. (Dar es Salaam lina balaa jingine: mtaani "fiksi" ni uongo. Mtu anayekuambia "acha fiksi" hazungumzii amana.)

Kichekesho ni kwamba pesa iliyofungwa kwelikweli ipo, na tunaiita akiba. Ni ile ya kila mwezi kwenye sako, yaani chama cha kuweka na kukopa, ambayo wengine huiita hisa ingawa si hisa. Kwa kawaida huitoi ukiwa bado mwanachama, hata kwa kukatwa. Unaikopea, au unajitoa chamani kwa notisi, ambayo Kenya mara nyingi ni siku 60, na kama umemdhamini mtu unangoja hadi upatikane mdhamini mwingine. Kwa hiyo tuna "akiba" isiyotoka na "fiksi" inayotoka. Majina yamebadilishana nguo.

Neno akiba halina hatia. Linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kinachofuata nyuma, shina lilelile linalotoa neno la Kiarabu la kisigino. Ni kitu kilichoachwa nyuma kikikusubiri: maharage ya kesho, kanga iliyobaki sandukuni. Ndani yake hamna ahadi ya faida. Wahenga walisema akiba haiozi, hawakusema inazaa. Riba ndiyo yenye maana ya kuongezeka, na riba ni kipengele cha mkataba, hailetwi na jina la akaunti. Wakenya waliliona hili mwaka 2016, sheria ilipozilazimisha benki kulipa si chini ya asilimia 70 ya riba elekezi, ile inayopangwa na Benki Kuu, kwenye akaunti zinazozaa riba. Riba elekezi ilikuwa asilimia 10, kwa hiyo mwenye akiba alitarajia 7. Benki zikasoma vizuri maneno "akaunti zinazozaa riba", na akaunti nyingi za akiba zikageuka za miamala ya kawaida, zisizozaa kitu. Hicho kipengele kiliondolewa mwaka 2018, na ukomo wa riba za mikopo ukafuata Novemba 2019.

Amana ndilo neno linalopotosha zaidi. Ni ndugu wa imani, amini na mwaminifu: kitu unachomwachia mtu akutunzie na akurudishie kilekile. Ukimwachia mkufu akauvaa harusini, amefanya hiyana. Benki inauvaa mkufu kila siku, na kihalali kabisa. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi iliamua mwaka 1848, katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, kwamba pesa ikishaingia benki ni ya benki, na benki inabaki mdaiwa wako. Wewe ni mkopeshaji. Ukilishika hilo, tofauti ya akaunti hizi mbili inajieleza: akiba ni mkopo usio na tarehe, benki haijui utaudai lini, inakulipa kidogo; fiksi ni mkopo wenye tarehe, inakulipa zaidi. Na benki ikifilisika, zote ziko kapu moja: bima ya amana Kenya hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja, akaunti zake zote zikijumlishwa. Kugawa milioni moja kati ya akiba na fiksi ndani ya benki ileile hakukuongezei kinga yoyote.

Sasa kupanda kwa riba. Riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa 7 mwanzoni mwa 2022. Mei mwaka huo ikawa 7.5, na kufikia Februari 2024 ilikuwa 13. Katika mbio zote hizo wastani wa riba ya akaunti za akiba ulikokota hadi takriban 4, huku wastani wa amana kwa jumla ukipita 10. Sababu ni kwamba pesa ya akiba haikimbii. Mshahara unaingia humo, karo inalipwa humo, mwenyewe hana habari na soko, na benki inajua. Mwenye fiksi huja na kalamu. Analinganisha na dhamana za serikali za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu, ambazo matokeo ya mnada wake hutangazwa kila wiki. Yaangalie kabla ya kuingia benki. Riba iliyobandikwa ukutani ni ya asiyeuliza. Mwenye kiasi cha maana hupatana, na akipatana aipate kwa maandishi.

Hapa ndipo "pesa imefungwa" inapoharibu hesabu. Anayeamini kwamba hasara ya fiksi ni kutoweza kuigusa pesa huuliza swali moja tu: nitaihitaji lini? Swali hilo ni halali, ila la pili ndilo lenye pesa wakati riba zinapanda: je, nataka riba hii inibane mpaka lini? Tuseme una 300,000. Benki inakupa asilimia 9 kwa miezi 12, au 8 kwa miezi mitatu. Ukichukua mwaka unapata 27,000. Ukichukua mitatu mitatu, na riba za robo zinazofuata zikawa 9, 10.5 na 12, unapata 6,000, kisha 6,750, 7,875 na 9,000: jumla 29,625, bila hata kurudisha riba ndani. Soko likisimama palepale kwenye 8, unapata 24,000, na aliyefunga mwaka mzima amekupita kwa 3,000. Riba zikipanda, muda mfupi. Zinapokaribia kugeuka, muda mrefu. Shida ni kwamba kilele hakipigi honi. Kenya ilianza kushusha Agosti 2024, hadi 12.75, na Desemba ikawa 11.25. Aliyefunga mwaka mzima mapema 2024 alikaa na riba yake nzuri huku wenzake wakipewa pungufu kila walipoiva. Ndiyo maana wengi hugawa: theluthi miezi mitatu, theluthi sita, theluthi kumi na miwili, kila kipande kikiiva kinafungwa upya kwa bei ya siku hiyo. Uliza kwanza kiwango cha chini cha fiksi, maana vipande vikiwa vidogo mno benki haivipokei.

Na kama hiyo 300,000 umeshaifunga mwaka mzima kwa 9, halafu ukasikia 13? Hapa wengi hukaa wakinung'unika kwamba pesa "imefungwa". Piga hesabu. Tuseme adhabu ya kuvunja ni kupoteza riba yote ya muda uliopita, jambo la kawaida, ingawa benki nyingine hukulipa riba ya akiba kwa siku hizo. Ukivunja baada ya miezi mitatu, umepoteza 6,750. Unachopata ni tofauti ya asilimia 4 kwa miezi tisa iliyobaki: 9,000. Vunja. Ukivunja baada ya miezi saba, umepoteza 15,750 ili upate 5,000. Kaa kimya. Hesabu hii hugeuka mapema kuliko watu wanavyodhani, na inageuzwa na kipengele kimoja cha mkataba, kile cha adhabu ya kuvunja, ambacho karibu hakuna anayekisoma.

Kama unahitaji pesa kidogo na kwa muda mfupi, hata kuvunja si lazima. Benki nyingi hukukopesha kwa dhamana ya fiksi yako, mara nyingi hadi 80 au 90 kwa mia, kwa riba iliyo juu kidogo ya ile unayolipwa. Imebaki miezi miwili iive na hospitali inataka 100,000? Mkopo wa miezi miwili huwa nafuu kuliko kutupa riba ya miezi kumi.

Kuna makosa mawili mengine. La kwanza ni asilimia. "Asilimia 12 kwa miezi mitatu" si 12, maana riba husemwa kwa mwaka. 300,000 kwa siku 91 ni 300,000 mara 0.12 mara 91 gawanya kwa 365, yaani shilingi 8,975. Kodi ya zuio Kenya ni asilimia 15 ya riba, zinaondoka 1,346, unabaki na 7,629. Tanzania kodi hiyo ni asilimia 10. Anayesubiri 36,000 mwezi wa tatu atamgombeza karani bure.

La pili ni siku ya kuiva. Usipoacha maelekezo, fiksi nyingi hujifunga upya zenyewe kwa muda uleule, na kwa riba ya ukutani, si ile mliyopatana. Ukigutuka wiki mbili baadaye, kuitoa ni kuvunja. Andika maelekezo siku ileile unayofungua: mtaji na riba virudi kwenye akaunti ya kawaida.

Akiba nayo ina mitego yake, ila ni ya kimyakimya. Baadhi ya benki hukokotoa riba ya mwezi kwa salio la chini kabisa la mwezi huo. Una 300,000 kwa siku 29, siku moja ukatoa 280,000 kununua kiwanja, muuzaji akaghairi ukairudisha kesho yake: mwezi mzima unalipwa riba ya 20,000. Nyingine zinaruhusu kutoa mara moja kwa robo mwaka, ukizidisha riba ya robo inapotea. Je, huo si mfungo pia?

Kwa walioko Marekani sura ni tofauti kidogo. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya 5.25 na 5.5. Benki za mtandaoni zikalipa zaidi ya 4 kwenye akiba ya kawaida, huku benki kubwa za mtaani zikibaki chini ya nusu asilimia. Kule, kuhama benki kulileta zaidi kuliko kuhama aina ya akaunti. Sidii zao pia huvunjwa, kwa adhabu ya riba ya miezi kadhaa, na ukivunja mapema sana adhabu hula hata mtaji. Bima ni dola 250,000.

Kwa hiyo ndugu wa "imefungwa hadi Machi" hajasema uongo, amefupisha tu kupita kiasi. Angesema, "Nimefunga riba ya 9 hadi Machi, na kuivunja leo ni shilingi kadhaa." Hiyo "kadhaa" imeandikwa kwenye ile karatasi aliyotia saini, kwa kawaida upande wa nyuma.