Deki na redio za zamani: uongo tunaoambiana kabla ya kuuza

Mtu akianza kupunguza vitu kwa nyumba swali ni lile lile, hii mashine ya mzee niuze ama niweke, na majibu anayopewa na group ya family mara nyingi ni uongo mtupu.

Wa kwanza ni ati kitu kikizeeka kinakuwa na pesa. Wapi! Zile deki nyembamba za DVD kila nyumba Nairobi ilikuwa nazo, hakuna mtu anazitafuta, ukipewa pesa ya unga chukua. Pesa iko kwa vitu vilivyotengenezwa vizuri: ampli (mashine za kukuza sauti) nzito za miaka ya 70 za Pioneer, Sansui ama Marantz, au mashine ya santuri kama Technics SL-1200 iliyotoka 1972, wakaacha kuitengeneza 2010 halafu wakairudisha 2016 kwa sababu watu bado waliitaka. Mtu wa maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, akikuambia hiyo ni skrap, mwambie asante urudi nayo nyumbani.

Wa pili ndio hufanya watu waibiwe: "haichezi, imekufa." Ukibonyeza plei kwa deki ya kaseti usikie mota inanguruma lakini kanda haizunguki, mara nyingi shida ni belti ya raba tu. Raba ikikaa miaka inayeyuka, ukiigusa inashika vidole kama lami, fundi anaitoa yote, anasafisha na spiriti, anaweka mpya na mashine inaamka. Sauti ikiwa imefifia, anza na hedi (kile kichwa kidogo kinachosoma kanda), pengine ni uchafu. Kwa hivyo usiuze kama mbovu kabla haijafunguliwa, na ukipeleka kwa fundi simama hapo hapo. (TV ya kichogo wewe usiguse ndani, umeme hubaki hata ukichomoa.)

Wa tatu ni wa zile kanda za video: "VHS ilipitwa, tupa." Haya, lakini ndani ya zile kanda kuna nini? Kama ni ruracio (sherehe ya mahari) ya mamako au mazishi ya guka (babu), hiyo haiko YouTube na haitawahi kuwa. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha 2016, so ukiuza yako utakuja kutafuta ya mtumba na hujui imetoka wapi. Hamisha kwanza: deki, kifaa cha USB cha kunasa video, na laptop, na ujipange juu kanda ya masaa matatu inachukua masaa matatu, hakuna njia ya mkato. Ukiona unga mweupe kwa mkanda hiyo ni kuvu, usiiingize, itachafua hedi na hedi itachafua kanda zingine. Ukimaliza kuhamisha, sasa uza.

Halafu kuna vitu vya watu waliorudi kutoka majuu. Wanasema transfoma inamaliza shida ya stima kutofautiana. Inamaliza nusu. Stima ya Marekani ni volti 120 na 60Hz (Hz ni mara ngapi stima inageuka kwa sekunde), yetu ni 240 na 50Hz, na transfoma inashusha volti peke yake, Hz inabaki vile ilivyo. Kama mashine ya santuri ina mota inayofuata Hz za stima, santuri ya 33 itazunguka kama 28 hivi, wimbo unavuta na sauti inakuwa nzito, na wewe unalaumu sindano. Zingine zina puli (gurudumu dogo la mota) ya kubadilisha, na SL-1200 haina hiyo shida kwa sababu mota yake haifuati Hz za stima. Uliza kabla ununue, na ukiuza sema ukweli. Kanda za video za huko nazo ni za mfumo wa NTSC, deki yetu ya mfumo wa PAL inaweza kuzionyesha bila rangi ama isizionyeshe kabisa.

DVD ya harusi je? Ile iliyochomwa kwa kompyuta hutumia rangi inayofifia, si kama ile ya kiwandani, kwa hivyo nakili kwa hard disk hata kama leo inacheza poa.

Na chochote utakachouza, tafuta rimoti yake kwanza, deki nyingi bila rimoti huwezi hata kufika kwa menyu.