Je, wajua kwa nini wenye magari ya dizeli walikasirika ilhali magari yao yalikuwa mazima?

Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilinaswa ikidanganya vipimo vya moshi wa magari yake ya dizeli. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 11 duniani kote. Hapa Dar es Salaam habari ile ilisikika siku chache ikapita, lakini mpaka leo mazungumzo ya dizeli yakikolea gereji, kuna swali halikosekani. Fundi mmoja wa Ilala aliniuliza hivi, mikono imejaa grisi: "Sasa bosi, gari inavuta, haitoi moshi mweusi, mafuta inakula kidogo. Hao wenye magari walikuwa wanalalamika nini?"

Ni swali la msingi, na lina jibu zuri.

Tuanze na mnunuzi mwenyewe. Kule Marekani gari dogo la dizeli ni kitu adimu, wengi wanaendesha petroli. Volkswagen ilipoingiza Jetta mpya ya dizeli, modeli ya 2009, iliitangaza kuwa ni "dizeli safi": ina nguvu, inakwenda mbali kwa tangi moja, na haichafui hewa. Serikali yenyewe iliamini, ikawapa wanunuzi wa Jetta hiyo nafuu ya kodi ya hadi dola 1,300. Kwa hiyo wengi waliojitokeza kununua walikuwa ni wale wenye uchungu na mazingira, watu ambao wangeweza kununua Prius, gari la Toyota linalotumia petroli na umeme, na kumaliza. Wakalipa zaidi ya bei ya gari la petroli ili kupata hiyo dizeli safi. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, likatangaza kwamba magari hayo yakiwa barabarani yanatoa gesi chafu hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa kisheria.

Mtu aliyeuziwa injini mbovu anadai hela yake, basi. Hawa walikuwa na kinyongo cha aina nyingine, kwa sababu wao ndio waliokuwa wameshika usukani. Kila asubuhi wakipeleka watoto shule walikuwa wanawamwagia majirani zao hewa chafu huku wakiamini wanafanya kinyume chake. Mimi naona hasira yao ilikuwa halali kabisa.

Sasa hiyo gesi ni ipi, mbona haionekani? Sisi tumezoea kuhukumu dizeli kwa macho. Fuso ikipanda kilima cha Kimara ikatapika moshi mweusi, kila mtu anajua nozeli zimechoka. Moshi ule mweusi ni masizi, mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Kilichofichwa na Volkswagen ni kitu kingine: oksidi za nitrojeni.

Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, na kwa kawaida haina madhara yoyote. Lakini injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na katika joto kali la namna hiyo nitrojeni inaungana na oksijeni. Kinachotoka kwenye ekzosi kinawasha mapafu, kinaamsha pumu, na kikipigwa na jua kinazalisha ozoni ya chini, ambayo nayo inaumiza kifua. Kwa kiasi kinachotoka kwenye gari moja, jicho halioni kitu. Unaweza kusimama nyuma ya gari linalotema gesi hiyo mara 40 ya kiwango, ukaweka leso nyeupe kwenye ekzosi, na leso ikabaki nyeupe.

Ubaya ni kwamba tiba zake zinagombana. Ukipunguza joto ndani ya silinda, kwa mfano kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani kupitia valvu ya EGR, oksidi zinapungua lakini masizi yanaongezeka. Ukiweka mtego wa kuzinasa kwenye ekzosi, mtego ule unajaa, na ili kuusafisha injini lazima inyunyize mafuta ya ziada. Hapo ulaji wa mafuta unapanda na chujio la masizi linachakaa mapema. Njia ya tatu ni kunyunyiza maji ya urea kwenye moshi. Inafanya kazi vizuri sana, ila inahitaji tangi lake, mfumo wake wa gharama, na mwenye gari akumbuke kulijaza. Volkswagen ilikuwa imeahidi nguvu, ulaji mdogo, bei ya kawaida na usafi, vyote kwa pamoja. Wahandisi waliposhindwa kuvikutanisha, waliimaliza kazi ndani ya kontrol boksi, ile kompyuta inayoongoza injini: wakaandika programu inayowasha mitambo ya kusafisha moshi kikamilifu pale tu gari linapokuwa kwenye kipimo.

Gari lilijuaje kuwa linapimwa? Kipimo cha serikali hakifanyiki barabarani. Gari linapandishwa kwenye rola ndani ya maabara, magurudumu yanazunguka lakini gari halisogei. Dereva anafuata ratiba ya mwendo iliyoandikwa sekunde kwa sekunde: ongeza, punguza, simama, ondoka. Ile ya Ulaya ya wakati huo ilikuwa na sekunde 1,180 na umbali wa kama kilomita 11, na kila mtengenezaji alikuwa nayo mezani. EPA ilieleza kwamba programu ilikuwa inaangalia mkao wa usukani, mwendo, muda tangu injini ilipowaka na kanieneo ya hewa. Gari linalokwenda dakika ishirini bila usukani kukatwa hata mara moja haliko barabarani, liko kwenye rola. Ni dereva wa basi la mkoani anayejua tochi ya trafiki iko wapi: akifika pale anatembea hamsini kwa adabu zote, akiipita tu anakanyaga.

Waliofichua jambo hili hawakuwa wanatafuta mwizi. Baraza la kimataifa la usafiri safi, ICCT, lilitaka kuwaonyesha Wazungu wa Ulaya kwamba dizeli inaweza kuwa safi barabarani, maana sheria za Marekani ni kali zaidi na magari ya kule yanazitimiza. Kazi wakapewa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Wakafunga mashine ya kupimia nyuma ya gari, mrija umeingizwa kwenye ekzosi, wakaendesha mitaa ya California na barabara kuu. Passat, modeli nyingine ya Volkswagen, wakaifikisha mpaka Seattle. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yaliwashangaza wao wenyewe: Jetta ilitoa kati ya mara 15 na 35 ya kiwango, Passat kati ya mara 5 na 20. Gari la tatu, BMW, kwa sehemu kubwa lilikuwa salama, kwa hiyo mashine haikuwa na kosa.

Kilichofuata ndicho kilichoniudhi kuliko yote. Volkswagen haikukiri. Ilisema ni tatizo la kiufundi, na Desemba 2014 ikaita karibu magari laki tano ya Marekani yarudi gereji kubadilishiwa programu. Wenye magari wakatii, wakapeleka. Bodi ya serikali ya California inayosimamia usafi wa hewa ilipopima tena, uchafu ulikuwa bado uko pale. Baadaye nyaraka za mashtaka zilionyesha kwamba kuna magari ambayo wakati wa matengenezo yaliwekewa uwezo wa kutambua mkao wa usukani, ili yatofautishe vizuri zaidi rola na barabara. Yaani mtu anapeleka gari sevisi kwa moyo mweupe, linarudi likiwa linadanganya kwa ustadi zaidi. Kampuni ilikiri pale tu ilipotishiwa kunyimwa vibali vya kuuza modeli za 2016.

Fidia ikategemea unaishi wapi. Marekani, makubaliano ya mwaka 2016 yalifikia hadi dola bilioni 14.7. Wenye magari ya injini ya lita 2.0, kama 475,000, waliweza kurudisha gari kwa thamani liliyokuwa nayo kabla ya kashfa na kuongezewa kati ya dola 5,100 na 10,000 hivi. Wengi walirudisha, na magari yakapangwa kwa maelfu kwenye uwanja wa zamani wa michezo huko Michigan na jangwani California. Wapo waliolipenda gari lao wakasubiri lirekebishwe wabaki nalo. Wapo pia waliong'oa milango, taa na viti kabla ya kurudisha, kwa kuwa makubaliano yalidai tu gari liwe linatembea, mpaka jaji akalazimika kulizungumzia mahakamani.

Ulaya walipata programu mpya, na kwa injini ya 1.6 kipande cha plastiki chenye wavu kinachowekwa mbele ya kihisi cha hewa. Hela hawakupewa. Wengine wakalalamika kwamba baada ya marekebisho gari linakula mafuta zaidi na EGR inaziba. Ikabidi waende mahakamani, na Mei 2020 mahakama ya juu ya Ujerumani ikampa haki mtu aliyenunua Volkswagen Sharan ya mtumba mwaka 2014: arudishiwe bei yake, ikikatwa thamani ya kilomita alizotembea. Hukumu hiyo naitaja makusudi, kwa sababu sisi Dar karibu wote ni wanunuzi wa mtumba, na tumezoea kuamini kwamba haki ya mteja inaishia kwa mmiliki wa kwanza.

Kama unadhani hili ni la Wajerumani tu, angalia kilichotokea Japani. Mwaka 2022 Hino, watengenezaji wa malori, ilikiri kughushi data za moshi na ulaji wa mafuta wa injini zake. Januari 2024 ikawa zamu ya Toyota Industries, watengenezaji wa injini za dizeli za Toyota. Ilibainika kwamba wakati wa kupima nguvu za aina tatu za injini walitumia kontrol boksi zenye programu tofauti na ya magari yanayouzwa, ili namba zitoke zikiwa zimenyooka. Injini hizo zilikuwa kwenye modeli kumi, zikiwemo Hilux, Hiace, Fortuner na Land Cruiser 300, magari yanayopishana kila dakika barabara ya Nyerere. Toyota ilisimamisha kuyasafirisha kwa muda, ikapima upya, ikasema nguvu zinafikia kiwango na hakuna haja ya mtu kuliegesha gari lake. Udanganyifu ule ulikuwa wa nguvu, haukuwa wa gesi, hivyo mwenye Hilux asitishike. Lakini mlango ni uleule: programu moja kwa mpimaji, nyingine kwa mteja.

Na hapa kwetu mlango huo unafunguliwa kwa mikono. Taa ya cheki injini ikiwaka kwa sababu ya EGR, ushauri wa haraka katika gereji nyingi ni kuiziba. Kinakatwa kibati, kinawekwa kati ya valvu na manifoldi, zinakazwa bolti. Chujio la masizi likijaa linapasuliwa na kutolewa matumbo, ekzosi inachomelewa tena, kisha mwenye laptop anaingia kwenye kontrol boksi kuzima taa. Mteja anaondoka amefurahi, gari limekuwa jepesi. Ni kweli limekuwa jepesi, kwa sababu ileile iliyowashawishi wahandisi wa Volkswagen. Na gesi inayotoka hapo haina rangi, kwa hiyo trafiki haoni, abiria haoni. Anayeivuta ni muuza maji anayeshinda katikati ya foleni pale Ubungo kuanzia saa mbili asubuhi.

Kabla ya kukubali kibati, muulize fundi kama EGR imekufa au imejaa masizi tu. Mara nyingi imejaa. Inafunguliwa, inalowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, inasuguliwa kwa brashi mpaka valvu icheze yenyewe, inarudishwa na gasketi mpya, kisha kosa linafutwa kwa mashine. Chujio la masizi nalo, kabla halijapasuliwa, jaribu kwanza kulitoa mjini: safari ndefu ya mwendo wa juu kidogo, Chalinze kwenda na kurudi, mara nyingi inalipatia joto la kutosha kuyachoma masizi yenyewe. Gari linaloishi kwenye foleni ya Mwenge na Mbagala halipati nafasi hiyo, ndiyo maana linaziba.