Kufungua madirisha hakuiokoi nyumba ya trela wakati wa tornado
Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya wenzetu wanaoishi Marekani unadai kwamba mkazi wa nyumba ya trela (nyumba nyepesi ya kuhamishika) atanusurika tornado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi, akifungua madirisha ili shinikizo la hewa lilingane. Si kweli. Shinikizo hushuka, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, lakini nyufa za nyumba hupitisha hewa ya kutosha. Kinachobomoa ni upepo, na dirisha lililo wazi huuingiza ndani ukalisukuma paa juu. Jedwali la viwango vya tornado, ambalo yeyote anaweza kulisoma, linaonyesha kuwa EF1, kiwango cha pili kutoka chini, yenye upepo wa kilomita 138 hadi 177 kwa saa, huweza kuipindua nyumba hiyo. Kwa hiyo dakika unayoipoteza kwenye komeo la dirisha itumie kutoka mapema kwenda jengo imara lenye msingi, ukae chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo.