MBA ya mtandaoni: video ndiyo sehemu nyepesi

"Si video tu? Nitaziangalia kwenye daladala." Dhana hii kuhusu MBA ya mtandaoni, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ndiyo inayowaponza wengi. Video zipo, na kwenye daladala zinaangalika vizuri tu. Lakini chukua iMBA, yaani MBA ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, iliyoanza mwaka 2016. Mihadhara yake mingi iko Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na hata asiye mwanafunzi wa shahada anaweza kuifuata. Anayelipa ada analipia yanayokuja baada ya video: vipindi vya mubashara na wahadhiri, kazi za vikundi, visa vya biashara vya kuchambua, miradi na mitihani. Humo ndimo muda unamoishia.

Na muda wenyewe si wa kwetu. Kipindi cha saa moja jioni kule Illinois kinakukuta Nairobi au Dar saa kumi alfajiri, au saa tisa usiku kuanzia Machi hadi Novemba, wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Vipindi vingi hurekodiwa, sawa, ila rekodi haikupi nafasi ya kuuliza swali. Kabla ya kulipa, uliza kama kuhudhuria kuna alama.

Wapo wanaochagua masomo ya mtandaoni kwa sababu hawapendi makundi. Hao watashangaa. Kazi za kikundi ni nyingi, na wenzako wanaweza kuwa Lagos, Dubai na Texas, kila mmoja na bosi wake na watoto wake. Mara nyingi mwishoni mnapeana alama ninyi kwa ninyi, kwa hiyo anayejitokeza usiku wa kuwasilisha kurekebisha nukta na mikato hujulikana. Kwenye jukwaa la majadiliano nako, kuandika "nakubaliana na mwenzangu" hakukupi kitu. Mhadhiri anataka hoja, ushahidi, na ujibu waliokupinga.

Kuhusu hesabu, watu wamegawanyika: wengine wanadhani hakuna, wengine wanaogopa kana kwamba wanaenda kusomea uhandisi. Ukweli ni kwamba utakutana na uhasibu, takwimu na fedha, na karibu zote zinafanyika kwenye Excel kwa hesabu za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Kigumu ni kufikiri. Tuseme unanunua mashine ya kusaga kwa shilingi milioni 10, nayo inakuingizia faida ya milioni 3 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 5. Mtaani tungesema umetia mfukoni milioni 5. Somo la fedha linauliza: zile milioni 10 za kununulia umezipata kwa riba gani? Ikiwa ni asilimia 18 kwa mwaka, zile milioni 15 zikirudishwa kwenye thamani ya leo zinakuwa kama milioni 9.38, chini ya milioni 10 ulizotoa. Mashine imekula mtaji wako, na hukujua. Ukilielewa hilo moja, kozi ya fedha imeshaanza kukulipa. Mimi ningeshauri ujinoe kwenye Excel hata kabla masomo hayajaanza.

Visa vya biashara vinawachanganya hasa waliozoea mitihani ya kukariri. Unapewa kurasa kadhaa, labda kuhusu Safaricom ilipozindua M-Pesa mwaka 2007, kisha unaulizwa ungefanya nini. Usitafute jibu la mwisho wa kitabu, halipo. Anayesema "ningezindua" na anayesema "nisingezindua" wote wanaweza kupata alama nzuri, mradi kila mmoja ameonyesha namba zake na alichokubali kukipoteza.

Mtihani wa kufungua vitabu si mteremko: maswali hutungwa kwa kujua kwamba kitabu unacho. Na vyuo vingine hukusimamia kwa kamera ya kompyuta yako.

Kuna wanaohofia kwamba cheti kitaandikwa "mtandaoni" na mwajiri atakidharau. Vyuo vingi vikubwa havitofautishi cheti. Warwick ya Uingereza imekuwa ikifundisha MBA kwa masafa tangu 1986, na Illinois yenyewe ilitangaza mwaka 2019 kwamba inafunga MBA yake ya kukaa chuoni ili ielekeze nguvu kwenye hii ya mtandaoni. Suala la kuhangaikia ni ithibati, yaani kama chuo kinatambuliwa rasmi. Kwa Mtanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua shahada za nje, basi waulize kuhusu chuo chako kabla hujatuma senti.