Setapu ya gitaa la umeme: nyuzi nene na tyuni ya chini

Setapu ni mpangilio wa vipimo vya gitaa unaofanya nyuzi zibonyezeke bila taabu, zisigonge freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ovyo, na zitoe noti sahihi shingo nzima. Vipimo hivyo hupangwa kwa unene fulani wa nyuzi na tyuni fulani, yaani noti ambazo nyuzi zimewekewa. Ndiyo sababu gitaa lililokuwa likicheza vizuri huanza kusumbua mara tu mwenyewe anapoweka nyuzi nene au kushusha tyuni.

Kinachotawala hapa ni mkazo. Uzi ukishushwa hulegea kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa masafa. Uzi wa E ya chini, ulio mnene kuliko zote, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Ukishushwa hadi D, ni mara 73. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mkazo umeshapungua kwa takriban asilimia 21. Ukifika C umepungua asilimia 37: uzi unayumba, unagonga freti, na ukiupiga kwa nguvu noti inapanda kwanza ndipo itulie.

Uzi mnene unarudisha mkazo huo. Uzi wa kwanza wa inchi 0.010 ukibadilishwa kwa wa 0.011, tyuni ikibaki ileile, mkazo unaongezeka asilimia 21. Kwa hiyo anayeshusha gitaa zima toni moja (kama kutoka E hadi D) na kupanda saizi moja ya nyuzi anarudi karibu palepale alipokuwa, na huenda shingo isihitaji kuguswa kabisa. Wanaokimbilia kuikaza kabla hata ya kupima wanajitafutia kazi.

Si lazima nyuzi ziwe nene, lakini. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani, kufikia 1971 alikuwa akishusha tyuni toni moja na nusu huku akitumia nyuzi nyembamba, kwa sababu alitaka zimlegee vidoleni. Anayepiga kwa mkono mzito ndiye atakayezihitaji nene.

Weka nyuzi mpya, zipige tyuni utakayotumia, kisha anza na shingo. Nyuzi huivuta ijipinde kama upinde, na fimbo ya chuma iliyo ndani yake huvuta upande wa pili. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 17 kwa pamoja, utazame freti ya nane: pengo la robo milimita hivi linatosha. Likizidi, kaza fimbo kwa kufuata mshale wa saa, lisipokuwepo, legeza. Usizidishe robo mzunguko kwa mara moja, na ikigoma usiilazimishe.

Palipo na usumbufu hasa ni kile kipande chenye mifereji sita kwenye mwanzo wa shingo. Mfereji uliokatwa kwa uzi wa 0.046 huubana wa 0.052. Dalili yake huwezi kuikosa: unazungusha ufunguo, tyuna (kifaa cha kupimia noti) haisogei, mara uzi unalia “ti!” na noti inaruka kupita ulipotaka. Mfereji hupanuliwa ubavuni kwa tupa nyembamba ya saizi yake, bila kuchimba chini. Ukichimba, uzi wazi (usiobonyezwa) utagonga freti ya kwanza. Kama huna tupa hizo, mwachie fundi.

Urefu wa nyuzi juu ya freti hurekebishwa kwenye briji, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Kwa uzi mnene, milimita 2 kwenye freti ya 12 ni mwanzo mzuri. Tyuni ikiwa chini sana ongeza kidogo, maana uzi uliolegea huchezea nafasi pana. Briji ya kuelea, ile inayoshikiliwa na springi, ina kazi ya ziada: ikiinukia mbele kwa mvuto wa nyuzi, kaza skrubu za springi mgongoni mwa gitaa.

Mwisho pima usahihi wa noti. Linganisha sauti ya uzi wazi na ile ya freti ya 12. Ya freti ikizidi oktava moja kamili juu ya ya uzi wazi, rudisha kikalio cha uzi (kipande cha briji ambacho uzi hukaa juu yake) nyuma ili uzi urefuke. Nyuzi nene hudai hivyo mara nyingi kwa sababu ni ngumu kujikunja. Kikalio kikifika mwisho wa skrubu na noti bado iko juu, jaribu uzi mwembamba kidogo, au tafuta gitaa la baritoni, ambalo nyuzi zake huwa na urefu wa inchi 27 hivi badala ya 25.5.